Mlango Uliochelewa Kufunguliwa: Wanafunzi Watu Wazima katika Vyuo Vikuu vya Kenya

Utangulizi

Mnamo Januari 2004, mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyesema kuwa na umri wa miaka 84, alivaa sare ya shule na kuketi katika darasa la kwanza la Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo mjini Eldoret. Serikali ilikuwa imetangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka mmoja kabla ya hapo, naye akaichukua ahadi hiyo kama ilivyotamkwa, yaani kuwa ni ya kila mtu. Jina lake liliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Mwaka wa 2005 alihutubu katika Umoja wa Mataifa jijini New York, na mwaka wa 2010, mwaka mmoja baada ya kufariki kwake, filamu iliyosimulia maisha yake ikatoka.

Taifa zima lilimshangilia Mzee Maruge, na alistahili. Hata hivyo, kuna kundi jingine la wanafunzi watu wazima ambalo halishangiliwi na yeyote. Hili ni kundi la wale wanaoingia chuo kikuu wakiwa na miaka arubaini, hamsini au zaidi: mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, karani wa kaunti, afisa wa polisi, mama aliyekwisha kulea wanawe. Badala ya pongezi, aghalabu wao hupata maswali. Wanatafuta nini chuoni katika umri huo? Kwa nini hawakusoma walipokuwa vijana?

Makala haya yanashikilia kuwa swali hilo la pili limeelekezwa kwa asiyehusika. Katika Kenya, wengi wa wanafunzi hawa hawakuchelewa kwa uzembe; mlango wenyewe ndio uliochelewa kufunguliwa. Aidha, hata baada ya mlango huo kufunguliwa, nyumba iliyo ndani imebaki kuwa ile ile iliyojengewa kijana asiye na kazi wala mtoto. Makala yataeleza chanzo cha hali hii, namna mtu mzima anavyojifunza, mzigo anaoubeba, na mambo yanayoweza kufanywa ili jasho lake lisipotee bure.

Kwa nini walichelewa

Ili kuelewa umri wa wanafunzi hawa, ni sharti kuangalia historia ya vyuo vikuu nchini. Kabla ya mwaka wa 1956, Mkenya aliyetaka elimu ya juu hakuwa na budi kwenda Makerere au ng'ambo. Chuo cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi mwaka huo, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka wa 1963, na kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 1970. Kwa miaka kumi na minne iliyofuata hicho ndicho kilichokuwa chuo kikuu cha pekee cha umma. Moi kilianzishwa mwaka wa 1984, Kenyatta kikapata hadhi kamili mwaka wa 1985, na Egerton mwaka wa 1987.

Mfumo wa elimu wa wakati huo ulikuwa kama chekecheke zilizopangwa moja juu ya nyingine. Palikuwa na mtihani mwishoni mwa darasa la saba, mwingine mwishoni mwa kidato cha nne, na mwingine mwishoni mwa kidato cha sita. Kila mtihani ulipunguza idadi, na waliofika chuo kikuu walikuwa wachache mno. Mkasa wa kisiasa nao ulizidisha msongamano. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na waliokuwa wakisubiri kujiunga nacho wakarundikana. Kisha mwaka wa 1990, wahitimu wa mwisho wa kidato cha sita na wale wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 walifika mlangoni kwa pamoja.

Hata vyuo vilipoongezeka, viti havikutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, bodi iliyoteua wanafunzi wa kudhaminiwa na serikali iliwachukua takribani 10,000 tu kila mwaka. Aliyepata alama ya C+ katika mtihani wa kidato cha nne alihesabiwa kuwa amefuzu kuingia chuo kikuu, lakini kiti hakuwa nacho, kwa kuwa viti viliisha kabla zamu yake haijafika. Maelfu ya vijana wa aina hii walijiunga na vyuo vya ualimu, vya uuguzi na vya ufundi, wakaajiriwa, wakaoa na kuolewa. Ni hao hao wanaorejea leo na miwani machoni.

Kwa upande wa wanawake, chekecheke ilikuwa na matundu madogo zaidi. Msichana aliyepata mimba alifukuzwa shuleni na huo ukawa mwisho wa masomo yake. Sera iliyomruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua ilitolewa mwaka wa 1994. Fauka ya hayo, katika familia zenye uhaba wa karo, mara nyingi ni binti aliyeambiwa angoje ili kaka yake asome. Mwanamke wa miaka hamsini anayeketi leo katika ukumbi wa mihadhara huenda amengoja zamu yake kwa miaka thelathini.

Jinsi mlango ulivyofunguliwa

Wazo la chuo kikuu kumfuata mtu mzima alipo si geni duniani. Nchini Uingereza, Open University ilipata hati yake mwaka wa 1969 na kuwapokea wanafunzi wa kwanza mwaka wa 1971, bila kuwadai vyeti vya kidato. Katika Afrika Mashariki, Tanzania ndiyo iliyotangulia: Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1992 na masomo yakaanza mwaka wa 1994. Kenya ilipata chuo kikuu huria chake cha umma mwezi wa Agosti 2023, takribani miongo mitatu baada ya jirani yake.

Katika kipindi hicho cha kungojea, vyuo vya Kenya vilifungua vijilango vidogo vidogo. Mwaka wa 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha shahada ya elimu kwa njia ya masafa, iliyomwezesha mwalimu kusoma akiwa kazini. Baadaye vyuo kadhaa vilianzisha masomo ya likizo, ambapo walimu huhudhuria mihadhara shule zinapofungwa mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba. Mwaka wa 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mpango sambamba, ulioitwa Moduli ya Pili, uliowaruhusu waliofuzu kusoma kwa kujilipia karo kamili. Mihadhara ya jioni na ya Jumamosi ikaenea, na matawi ya vyuo yakafunguliwa katika miji mingi.

Ni muhimu kukumbuka kuwa mpango huo haukubuniwa kwa ajili ya mapenzi ya watu wazima pekee. Vyuo vilihitaji fedha baada ya mgao wa serikali kupungua. Kwa hivyo hali ilipobadilika, matawi nayo yalitikisika. Mwaka wa 2016 waliopata C+ na zaidi katika mtihani wa kidato cha nne walikuwa chini ya 90,000, na mwaka uliofuata serikali ikawapa wote nafasi vyuoni. Vijana waliokuwa wakijaza madarasa ya kujilipia wakatoweka, na matawi mengi ya mijini yakafungwa. Mtu mzima aliyekuwa akihudhuria darasa la jioni hatua chache kutoka kazini kwake akajikuta hana darasa tena, ingawa hitaji lake halikuwa limebadilika.

Kiswahili na walimu waliorudi darasani

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, suala hili linagusa nyumbani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, kufuatia mapendekezo ya tume iliyoongozwa na Mackay mwaka wa 1981, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi, na baadaye za upili. Kabla ya hapo mtihani wa kumaliza shule ya msingi haukulihusisha somo hili. Ghafla walimu wengi walitakiwa kufundisha ngeli, insha na fasihi ilhali wao wenyewe hawakuwahi kutahiniwa katika mambo hayo. Waliokuwa na ari walijisomea usiku ili wafundishe asubuhi. Nafasi ya masomo ya likizo ilipopatikana, si ajabu kwamba baadhi yao walikuja kukisoma Kiswahili rasmi baada ya kukifundisha kwa miaka mingi.

Historia hiyo imejirudia katika siku za karibuni. Mtaala wa umilisi ulianza kutekelezwa mwaka wa 2017, na mwaka wa 2021 vyuo vya ualimu vilianza kutoa stashahada badala ya cheti cha P1. Mwalimu mwenye cheti hicho, ambacho kwa miongo mingi kilitosha kumpa kazi na heshima, akagundua kuwa ngazi aliyosimama imeondolewa chini ya miguu yake. Kwa mara nyingine sheria ilibadilika, na kwa mara nyingine mtu mzima akatafuta daftari.

Akili ya mtu mzima

Kuna imani kwamba mtu akizeeka akili haishiki tena. Imani hii ina chembe ya ukweli, lakini ni chembe tu. Mwanasaikolojia Raymond Cattell, katika nadharia aliyoifafanua mwaka wa 1963, alitofautisha aina mbili za akili. Ya kwanza yaweza kuitwa akili ya wepesi: uwezo wa kutatua fumbo jipya kwa haraka bila kutegemea yale mtu ayajuayo. Ya pili ni akili ya akiba: msamiati, maarifa na busara ambavyo mtu huvikusanya katika maisha yake. Akili ya wepesi huanza kupungua mapema, ilhali akili ya akiba huweza kuendelea kukua hadi uzeeni.

Utafiti wa muda mrefu ulioanzishwa na Warner Schaie mjini Seattle, Marekani, mwaka wa 1956, uliwafuatilia watu wale wale kwa miongo mingi. Ulionyesha kuwa wepesi wa kutambua mambo hushuka mapema, lakini uwezo wa lugha hudumu vyema hadi miaka ya sitini na kuendelea, na kwamba watu hutofautiana sana. Maana yake kwa chuo ni wazi. Mwanafunzi wa miaka hamsini huenda akashindwa na kijana katika mtihani wa kukariri orodha kwa saa mbili, lakini katika insha ya kutathmini riwaya, au katika mjadala wa matumizi ya methali, akiba yake ni kubwa kuliko ya kijana.

Naye Malcolm Knowles, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1970, alieleza kuwa mtu mzima hujifunza vizuri anapoona manufaa ya anachofundishwa, anapohusishwa katika kupanga masomo yake, na tajriba yake inapotumiwa kama kitabu cha ziada. Mathalani, mhadhiri anayefundisha isimujamii kwa kusoma maelezo ili wanafunzi wanakili, huku mbele yake ameketi mwalimu aliyefundisha Kiswahili kwa miaka ishirini katika maeneo ya Wakamba, Waluo na Wameru, anaacha hazina ikae bila kuguswa. Mwalimu huyo anajua kwa masikio yake namna lugha ya kwanza inavyoathiri matamshi ya mtoto. Analolihitaji ni nadharia ya kuyapanga anayoyajua.

Mzigo anaoubeba

Pamoja na akiba hiyo, mwanafunzi mtu mzima hukabiliwa na matatizo ambayo kijana hayajui. La kwanza ni muda. Katika masomo ya likizo, kozi ambayo mwanafunzi wa kawaida huisoma kwa muhula mzima hubanwa katika wiki chache. Mihadhara huanza asubuhi na kuendelea hadi jioni. Shule zinapofunguliwa, mwalimu hurudi na rundo la kazi za chuo juu ya rundo la madaftari ya wanafunzi wake. Kwa mwanamke, mzigo huo huongezewa upishi, ulezi na uuguzi wa wazee nyumbani. Wengi husoma wakati nyumba nzima imelala.

La pili ni karo. Mara nyingi mtu mzima hulipa karo yake katika miaka ile ile ambayo mwanawe yuko shule ya upili au chuoni. Mzazi na mtoto wakidaiwa karo mwezi mmoja, ni dhahiri ni nani atakayeambiwa asubiri. Wengi hukopa kutoka vyama vya akiba na mikopo. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, nayo ilianzisha mkopo wa Jielimishe kwa wafanyakazi wanaojiendeleza. Mkopo huu umewafaa walioajiriwa, lakini mama anayeuza mboga sokoni au fundi wa jua kali hana hati ya mshahara ya kuweka mezani.

La tatu ni teknolojia. Vyuo vimehamishia usajili, malipo, matokeo na hata mihadhara katika mitandao, hasa tangu janga la korona la mwaka wa 2020. Mtu aliyeandika tasnifu ya kwanza ya maisha yake kwa kalamu hutakiwa aipige chapa kwenye tarakilishi, aipange kwa kanuni za chuo na kuiwasilisha mtandaoni. Baadhi hulipa watu wa vibanda vya mtandao kuwafanyia kazi hiyo, na hapo hufunguliwa mwanya wa udanganyifu: anayelipwa kupiga chapa leo huombwa kesho aandike.

La nne, ambalo halitajwi sana, ni soni. Si ajabu mhadhiri akawa ndiye yule mtoto aliyefundishwa kusoma na mwanafunzi wake wa sasa. Wanadarasa humwita mtu huyu "mzee", "mama" au "mwalimu", na wana nia njema, lakini jina hilo hilo laweza kumtenga. Kikundi cha majadiliano kinapoundwa, vijana hujichagua wao kwa wao. "Mwalimu" hubaki peke yake kwa sababu hakuna anayethubutu kumgawia kazi au kumsahihisha. Heshima isiyoambatana na ushirikiano humwacha mtu mpweke.

Shahada na mshahara

Haitakuwa haki kuwasawiri watu wazima wote kama wapenzi wa elimu tu. Wengi huja kwa sababu ya cheo na mshahara, na hilo si kosa. Wengine huja kwa kuwa sheria imewadai karatasi. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka wa 2011, kwa mfano, iliwataka wawaniaji wa urais na ugavana wawe na shahada, na wanasiasa wakaanza kukumbuka vyuo vikuu. Pale ambapo karatasi ndiyo inayotafutwa, elimu huweza kuachwa njiani.

Hata hivyo, kwa mwalimu wa kawaida hesabu ya faida imekuwa ngumu. Kwa upande mmoja, umri wa kustaafu katika utumishi wa umma uliongezwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka wa 2009. Aliyehitimu akiwa na miaka 48 akawa na miaka kumi na miwili ya kuitumia shahada yake badala ya saba. Kwa upande mwingine, miongozo ya kupanda vyeo ambayo Tume ya Kuwaajiri Walimu ilianza kuitumia mwaka wa 2018 ilitilia mkazo nafasi zilizopo, tathmini ya utendakazi na mahojiano. Shahada pekee haikuwa tena tiketi ya kupandishwa. Mwalimu aliyekopa ili asome, akitarajia kulipa kwa nyongeza ya mshahara, amebaki na deni na cheti vikiwa katika mkoba mmoja. Chuo kinachompokea mtu wa namna hii kina wajibu wa kumweleza ukweli huu kabla hajalipa shilingi ya kwanza.

Je, basi shahada hiyo haina maana? La hasha. Faida yake nyingine huonekana darasani, pale ambapo mtoto wa darasa la sita anafundishwa na mtu anayejua sababu ya kanuni za lugha, wala si kanuni zenyewe tu. Huonekana pia nyumbani. Mtoto anayemwona mama yake akidurusu usiku hahitaji kuhutubiwa kuhusu thamani ya elimu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kuwapo kwa watu wazima vyuoni ni matokeo ya historia ya uhaba wa viti na ya sheria zilizobadilika, wala si dalili ya uvivu wa ujanani. Kwa hivyo vyuo havipaswi kuwahudumia kama wateja wa msimu, wanaokaribishwa fedha zinapohitajika na kusahauliwa baadaye.

Mambo manne yanaweza kufanywa bila gharama kubwa. Kwanza, karo ilipwe kwa kila kozi, ili anayekwama muhula mmoja asipoteze yote. Pili, kila mwanafunzi wa likizo apewe msimamizi anayepatikana hata shule zikiwa zimefunguliwa, kwani tasnifu nyingi hukwama pale ambapo mwanafunzi na msimamizi hawaonani kwa miezi mitatu. Tatu, wiki ya kwanza ya masomo itengewe mafunzo ya tarakilishi kwa wasioizoea. Nne, tathmini izingatie kazi za uchanganuzi na utafiti wa nyanjani kuliko mitihani ya kukariri.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili navyo vina nafasi yao. Vikao vinavyofanyika saa kumi jioni siku za juma humfungia nje mwanafunzi aliye kazini. Kikao kimoja kwa muhula kikifanywa Jumamosi au wakati wa likizo, ataweza kufika. Kijana anayejua tarakilishi na mwalimu anayejua darasa wakiunganishwa katika kikundi kimoja, kila mmoja atakuwa na la kumfunza mwenzake. Na kundi hilo linapogawana kazi, mwalimu naye apewe sehemu yake, na akikosea asahihishwe kama wengine.